Mimba ya kwanza Kigoma: wiki 12 za kabla tumbo halijaonekana

Kigoma, mwanamke kijana akiamka mwili mzito, kichwa kinauma na chakula hakikai tumboni, watu wa nyumbani huwa na jibu moja: hiyo malaria. Anatumwa duka la dawa, anarudi na dawa mseto, anameza siku tatu, na siku ya nne yuko vile vile. Zinapita wiki mbili ndipo shangazi au wifi anamvuta pembeni na kumuuliza, "Hivi siku zako umeziona lini?"

Swali hilo lilitakiwa kutangulia dawa. Kuihofia malaria si kosa, na kwa mkoa huu kuihofia ni akili. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma ana vimelea, kiwango kilichozidi mikoa mingine yote wakati ule. Taabu ni kwamba uchovu, kichwa kuuma, kutapika na kukosa hamu ya kula ni dalili za malaria na ni dalili za mimba changa vilevile, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa mpigo. Kuna kitu kimoja kinachosaidia kutofautisha. Mimba peke yake haileti homa. Mwili unaweza kuwa na joto kidogo kuliko kawaida, maana homoni za mimba hulipandisha kiasi, lakini homa ya nyuzi 38 na kuendelea, yenye kutetemeka na kutoka jasho, hiyo ni ugonjwa na inataka kipimo siku hiyo hiyo.

Kwa mwanamke mwenye mume au mwenzi, basi, vipimo ni viwili: cha damu ya kidole kwa malaria, na cha mkojo kwa mimba. Ukienda na kimoja ukaacha kingine, umebahatisha.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya huyo anayebeba kwa mara ya kwanza, na mumewe akitaka asome naye. Wiki hizi ambazo tumbo bado liko bapa ndizo mtoto anapoumbwa viungo vyake karibu vyote, na ndizo wiki ambazo wengi wetu tunazipitisha bila mtu yeyote wa afya kujua kwamba tuna mimba. Hilo linanisumbua, kwa sababu yapo mambo ya kufanya mapema ambayo ukiyafanya mwezi wa tano yamechelewa.

Hesabu ya nesi na hesabu ya nyumbani

Tuanze na jambo ambalo limevunja amani kwenye nyumba za watu. Mume alikuwa kambi ya dagaa kusini mwa Ziwa Tanganyika, amerudi nyumbani wiki 4 zilizopita. Mke anakwenda zahanati, anapimwa, nesi anaandika kwenye kadi: wiki 6. Mume anaisoma kadi, anahesabu, shaka inamwingia. Nesi yuko sahihi, mke yuko sahihi, na mimba ni ya huyo huyo mume.

Umri wa mimba hauhesabiwi tangu siku watu walipokutana. Unahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani siku damu ilipoanza kuonekana, wala si siku ilipokata. Wataalamu walichagua siku hiyo kwa sababu ndiyo pekee ambayo mwanamke anaweza kuitaja kwa uhakika. Siku yai lilipotoka hakuna aliyeiona. Siku mbegu ilipolifikia hakuna aliyeiona pia, na haiwi lazima iwe siku ya tendo lenyewe, kwa sababu mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5, ilhali yai likishatoka haliishi zaidi ya siku moja. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14. Kwa hiyo zile wiki 2 za kwanza zilizoandikwa kwenye kadi, mimba ilikuwa haijatungwa. Ukiambiwa wiki 6, kiumbe chenyewe kina wiki 4 hivi.

Mwenye mzunguko mrefu tofauti inazidi. Mzunguko wa siku 35 maana yake yai linatoka karibu na siku ya 21, na hapo kadi ikisema wiki 6, kiumbe kina wiki 3. Mume anayejua hesabu hii hana haja ya kuuliza maswali ya kumuumiza mke wake, na ningependa nesi wote waieleze kabla hawajamkabidhi mtu kadi, hata kama foleni ni ndefu.

Mimba kamili huchukuliwa kuwa siku 280, sawa na wiki 40, tangu hedhi hiyo ya mwisho. Kupata tarehe ya kutarajia kujifungua, chukua siku ya kwanza ya hedhi, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi inakupeleka tarehe 17 Desemba. Ni makadirio, watoto wachache sana huzaliwa siku hiyo hasa, na kuzaliwa popote kati ya wiki 37 na 42 ni jambo la kawaida.

Wengi hawaandiki tarehe, na ukiulizwa ghafla kwenye benchi la kliniki kichwa kinakuwa kitupu. Tafuta tukio. Ilikuwa kabla ya Idi au baada? Ilikuwa wiki ya gulio lipi? Wanaoishi karibu na ziwa wana msaada mwingine: wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa hiyo mtu anaweza kukumbuka kama siku zake zilianza wavuvi wakiwa wamepumzika au wameshaingia tena ziwani. Mwambie nesi tukio hilo naye atalitafutia tarehe. Tarehe isiyo sahihi inaleta hasara huko mbele, pale mtu atakapodhaniwa amepitiliza wakati hajapitiliza, au mtoto atakapodhaniwa ni mdogo kumbe umri ndio uliokosewa.

Kinachotokea kabla hujajua

Yai hukutana na mbegu ndani ya mrija wa uzazi, si ndani ya kizazi kwenyewe. Linaanza kugawanyika huku likisafiri, na kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi baada ya kutungwa linajishika kwenye ukuta wa kizazi. Likishajishika tu linaanza kutoa homoni ya mimba, ile ambayo maabara huiandika hCG, na hiyo ndiyo inayoonekana kwenye kijiti cha mkojo. Wiki za mwanzo kiwango chake huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 hadi 3. Ndiyo maana anayepima mapema mno hupata mstari mmoja, akarudia baada ya siku chache akapata miwili. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni mzuri zaidi kwa sababu ni mzito. Na mstari wa pili ukiwa hafifu, ilimradi umetokea ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, ni mstari. Rudia baada ya siku mbili tatu, utaukuta umekolea.

Sasa fuata hesabu hii taratibu. Hedhi inachelewa, uko mwisho wa wiki ya 4. Unasubiri kidogo, huenda ni uchovu tu. Wiki ya 5. Unanunua kijiti. Wakati huo huo, ndani, mrija wa mishipa ya fahamu utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unajikunja na kujifunga, na kufika mwisho wa wiki ya 6 unakuwa umeshafungwa. Usipofungwa vizuri, mtoto huzaliwa na kile tunachokiita mgongo wazi. Kirutubisho kinachousaidia kufunga ni foleti, ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki, na kiasi kinachoshauriwa ni mikrogramu 400 kwa siku. Anayeanza kuimeza siku alipojua ana mimba amebakiwa na siku chache tu za kuusaidia mrija huo. Anayeanza kliniki mwezi wa nne hana hata moja, ingawa vidonge bado vitamfaa kwa damu.

Kwa hiyo ushauri wa foliki unawahusu zaidi wale ambao bado hawajashika mimba na wanatarajia. Kama umeolewa na hutumii njia ya uzazi wa mpango, anza sasa. Nchini mwetu viwanda vikubwa vya unga hutakiwa kuongeza foliki kwenye unga wa mahindi na wa ngano, lakini sisi tulio wengi mkoani hapa tunapeleka mahindi yetu mashine ya kusaga mtaani, au tunakula ugali wa muhogo, na huko hakuna kilichoongezwa. Maharage ya Kasulu na Kibondo yana foleti nyingi, na mboga za majani kama mchicha na matembele pia, mradi zisichemshwe mpaka zife na maji yake kumwagwa, maana foleti haistahimili moto wa muda mrefu na huyeyukia kwenye maji. Hata hivyo sahani peke yake ni vigumu kuifikisha ile mikrogramu 400. Kidonge kinahitajika.

Moyo huanza kudunda karibu na wiki ya 6, wakati kiumbe chote hakizidi milimita 5. Wiki ya 8 kina milimita 16 hivi, ukubwa wa punje ya haragwe, na vidole vimeanza kutengana. Wiki ya 12 kina sentimita 5 na nusu, na viungo vyote vikuu viko mahali pake. Kuanzia hapo kazi kubwa ni kukua na kukomaa.

Neno moja kuhusu ultrasaundi. Kuna wanaokimbilia kupiga picha siku tatu baada ya kuona mistari miwili, wakaambiwa kuna kifuko tu, mtoto haonekani, wakarudi nyumbani wanalia. Wiki ya 5 ndivyo inavyokuwa. Kama huna maumivu wala damu, rudi baada ya wiki moja au mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau picha moja kabla ya wiki 24, na ya mapema ndiyo inayokadiria umri wa mimba vizuri kuliko zote, hasa kwa asiyekumbuka tarehe.

Kutapika si deko

Robo tatu hivi ya wajawazito hupata kichefuchefu. Kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 6, hukolea kati ya ya 8 na ya 10, kisha hupungua kati ya ya 12 na ya 16. Wengine hutapika asubuhi tu, wengine mchana kutwa. Harufu ndiyo adui. Kigoma hiyo ina maana yake: mwanamke aliyekulia Kibirizi, aliyeanika dagaa tangu akiwa mtoto, anashtuka kuona hawezi kupita karibu na vichanja bila kushika pua, na samaki mgebuka wa kuchoma aliyekuwa akimsifia sasa hataki hata kumsikia akitajwa. Mate nayo yanajaa mdomoni, mtu anatembea na kikopo.

Mama wakwe wengine huita hali hii maringo. "Sisi tulibeba na tulilima." Nawaheshimu sana, ila hapa nawapinga. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma, ina mchango mkubwa katika kutapika kwa mimba. Mwanamke aliyekuwa na kiwango kidogo cha homoni hiyo kabla ya kushika mimba ndiye inayemshtua zaidi inapopanda. Kwa hiyo wawili wa nyumba moja, chakula kimoja, mmoja atalima na mwingine atalala kitandani, na hakuna anayejifanya. Kutapika pia hakusemi chochote cha uhakika kuhusu mtoto kuwa wa kike au wa kiume.

Kinachosaidia ni kutoruhusu tumbo kuwa tupu. Weka kiazi kilichochemshwa au kipande cha mkate mkavu karibu na kitanda, ule kidogo kabla ya kusimama. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Tangawizi kwenye maji ya moto inawafaa wengi. Vidonge vya kuongeza damu vikikuchafua, vimeze usiku baada ya kula, na usishtuke kinyesi kikiwa cheusi, ni madini ya chuma hayo. Chai iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu inazuia madini hayo kufyonzwa. Mpishi mwingine akipatikana kwa wiki hizi chache, apike yeye. Hilo nawaambia waume na mawifi.

Kuna kutapika ambako si kwa kuvumilia nyumbani. Ukishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, mkojo ukawa mchache na wa rangi ya chai, ukisimama unaona kizunguzungu, au uzito unashuka wazi, nenda hospitali. Unahitaji dripu na dawa, na zipo dawa za kutapika zinazoruhusiwa kwa mimba changa.

Uchovu wenyewe una sababu. Damu ya mwanamke inaanza kuongezeka mapema na mwishowe itakuwa imezidi ya awali kwa karibu nusu. Figo zinachuja zaidi, ndiyo maana unaamka usiku kukojoa. Na homoni ya projesteroni inalegeza misuli ya utumbo, chakula kinakaa, unapata kiungulia na choo kigumu. Hamu ya kula udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni, mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma. Udongo hauleti damu. Unayashika hayo madini yaliyo kwenye chakula yasifyonzwe, na unaweza kuja na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Hamu ikikuzidi, sema kliniki, upimwe wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita ya damu ni upungufu.

Damu kidogo kwenye nguo ya ndani

Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne huona damu kidogo katika miezi mitatu ya kwanza, na wengi wao huendelea na mimba mpaka mwisho. Haiwi sababu ya kukata tamaa. Lakini haiwi pia ya kunyamazia, kwa sababu ya hali mbili.

Ya kwanza ni mimba kuharibika. Kati ya mimba zilizokwisha kujulikana, 10 hadi 20 katika kila 100 huharibika, nyingi kabla ya wiki 12. Takribani nusu ya hizo zinatokana na kromosomu kukosewa yai au mbegu inapoundwa, au vinapoungana, jambo ambalo mama hakulifanya na hakuna ambaye angelizuia. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimesikia mno wanawake wakijihukumu: nilibeba ndoo ya maji, niligombana na mume, nilipita njia panda jioni, fulani alinitazama vibaya. Kazi za kawaida za nyumbani haziharibu mimba iliyo salama. Aliyepoteza mimba ya kwanza anahitaji kupimwa, kusafishwa kama kuna mabaki, kupumzika na kukaa na watu wanaompenda. Kuhojiwa alikosea wapi hakumponyi. Na wengi mno wa hao hubeba tena na kuzaa salama.

Ya pili ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi ndani ya mrija. Hutokea kwa mimba 1 hadi 2 katika kila 100, na kwa kawaida huanza kuleta shida kati ya wiki ya 6 na ya 8, wakati ambao wengine hata hawajapima. Mrija hauna nafasi. Ukipasuka, damu inamwagikia ndani ya tumbo. Nje unaweza kuona matone tu, huku ndani mtu anaishiwa damu. Maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, na maumivu ya ajabu kwenye ncha ya bega: hizo hazisubiri asubuhi, hazisubiri mume arudi kutoka ziwani, na hazitibiwi kwa dawa ya chango. Piga 115 bila malipo, namba ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Vijiji vya mwambao ambako barabara ni shida, boti itafutwe usiku huo huo.

Kwa nini malaria inaiwinda mimba ya kwanza

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wachache wanalijua, na kwa mikoa yetu ni la kufa na kupona. Mtu mzima aliyekulia Kigoma au Tabora ameumwa malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejenga kinga fulani. Akiambukizwa, mara nyingi haumwi sana. Mimba ya kwanza inaivuruga kinga hiyo. Kondo la nyuma ni kiungo kipya, na kuna vimelea vya malaria vinavyoweza kunata humo kwa namna ambayo haviwezi kunata mahali pengine mwilini. Kinga ya mwanamke haijawahi kukutana na vimelea vya aina hiyo, kwa hiyo havizuiwi. Akishika mimba ya pili na ya tatu, mwili wake umeshajifunza kuvitambua. Ndiyo maana katika maeneo yenye malaria nyingi, anayebeba kwa mara ya kwanza ndiye anayeumia zaidi, tofauti na dhana kwamba kijana ana nguvu.

Vikijificha kwenye kondo, mama anaweza asiwe na homa kabisa, na hata kipimo cha kidole kinaweza kutoka hana, huku damu yake ikipungua na mtoto akikosa chakula. Anazaliwa na chini ya kilo 2.5, na watu wanasema tu ni mdogo kama bibi yake.

Dawa ya kukinga malaria iitwayo SP inayotolewa kliniki haitolewi katika wiki hizi za mwanzo, kwa sababu inafanya kazi kwa kuzuia foleti, ileile ambayo mtoto anaihitaji sana kwa wakati huo. Inaanza wiki ya 13. Maana yake kwa miezi mitatu ya kwanza kinga kuu ni chandarua chenye dawa, kila usiku, hata kiangazi, hata mbu wasiposikika. Na chandarua hicho hutolewa kwenye hudhurio la kwanza la kliniki. Anayeficha mimba mpaka mwezi wa tano, na nyumbani hana chandarua kizima, amelala wazi miezi yote ile ambayo hakuwa na kinga nyingine.

Ukipata homa, mwambie mhudumu kabla ya kupokea dawa yoyote: "Nimepitiliza siku zangu." Malaria inatibika katika mimba changa na ni lazima itibiwe, ila dawa achague mhudumu. Sema maneno hayo hayo kwa muuza duka la dawa. Doksisaiklini si ya mjamzito, dawa za minyoo zinasubiri mpaka baada ya miezi mitatu, na kwa maumivu tumia parasetamoli uache ibuprofeni na diklofenaki. Dawa za mitishamba zisizojulikana vipimo ziache kabisa kwa wiki hizi, hata akikupa mtu anayekupenda. Pombe, ikiwemo ile ya kienyeji, hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama.

Nani ajue

Desturi ya kunyamazia mimba changa ninaielewa. Watu wanaogopa kijicho, na wanaogopa kutangaza halafu iharibike, waanze kujieleza kwa kila mtu sokoni Mwanga. Sikuambii utangaze. Jirani asubiri mpaka aone mwenyewe. Ila utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba ni karibu robo tu ya wajawazito Tanzania waliofika kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na nadhani tumechanganya kumficha jirani na kumficha nesi. Ajue nesi. Ajue mumeo. Na ajue mtu mmoja anayeweza kukupeleka hospitali saa nane usiku.

Wengine wanaahirisha kwa sababu mume yuko safarini na wamesikia bila mume hupokelewi. Mume kuja ni jambo zuri, maana vipimo vya VVU na kaswende vinawahusu wote wawili, lakini mwanamke aliyekuja peke yake ana haki ya kuhudumiwa siku hiyo. Ukirudishwa, muombe mganga mfawidhi wa kituo, kwa adabu na bila kuondoka.

Hudhurio la kwanza ni refu. Utaulizwa ile tarehe, na kama hii ni mimba ya ngapi. Utapimwa uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, malaria, VVU na kaswende. Utapewa kadi, vidonge na chandarua, na sera ya serikali ni kwamba huduma ya mjamzito katika vituo vyake ni bure. Mahudhurio yanayoshauriwa sasa ni 8 kwa mimba nzima, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kwisha. Ukifika wiki ya 13 unarudi kwa SP ya kwanza: vidonge 3 kwa mara moja, unavimeza hapo hapo mbele ya nesi, isipokuwa kama unatumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU, na hapo SP hupewi. Dozi zinazofuata zinapishana angalau mwezi mmoja, zisipungue 3 mpaka kujifungua.